Chapa, Bango na Leso: Suala la Nakala Asilia kutoka Paris hadi Chwele

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa sanaa na fasihi, neno "asilia" huambatana kwa kawaida na kitu kilicho kimoja tu: mswada ulioandikwa kwa mkono wa mtunzi, turubai iliyopakwa rangi na mchoraji mwenyewe, au kinyago kilichochongwa mara moja na kisirudiwe. Chapa huyavuruga mazoea haya. Chapa huzaliwa ikiwa nyingi. Nakala ya mia tano haina upungufu wowote inapolinganishwa na ile ya kwanza, na mchoro uliotangulia juu ya jiwe au bamba haukukusudiwa kutazamwa peke yake. Hata hivyo, kwa zaidi ya karne moja sasa, wakusanyaji wa chapa na mabango ya Ufaransa ya enzi ya Waimpreshonisti wametafuta, wamegombania na kulipia kwa bei kubwa kile wanachokiita "nakala asilia".

Makala hii inakusudia kuuchunguza ukusanyaji huo na kuuweka sambamba na chapa nyingine iliyochipuka katika miongo hiyo hiyo: leso, au kanga kama inavyoitwa katika sehemu nyingi za Tanzania. Uwanja wa mjadala ni Chwele, mji wa soko katika Kaunti ya Bungoma, chini ya Mlima Elgon, pamoja na Kitale, mji jirani wenye makumbusho ya kale. Mahali hapa pamechaguliwa kwa sababu pako mbali na pwani, ambako leso imezoeleka kuchunguzwa.

Hoja kuu ni kwamba uasili wa kitu kilichochapwa kwa wingi haumo ndani ya kitu chenyewe pekee. Umo pia katika kumbukumbu iliyofungamana nacho: kilichapwa wapi, kilitundikwa au kuvaliwa wapi, na kilimwambia nani jambo gani. Mkusanyaji ndiye anayeiokoa kumbukumbu hiyo, na ndiye pia anayeweza kuiharibu. Historia ya Paris inayaonyesha yote mawili, na inatoa onyo linaloihusu fasihi ya Kiswahili.

2.0 Paris: Bango Linapobanduliwa Ukutani

Maonyesho ya kwanza ya kundi lililokuja kuitwa Waimpreshonisti yalifunguliwa Paris tarehe 15 Aprili 1874, katika chumba cha kazi kilichokuwa cha mpiga picha Nadar. Wengi hulikumbuka kundi hilo kwa michoro ya rangi za mafuta, lakini wasanii wake walishughulika sana na chapa. Degas, Pissarro na Mary Cassatt walichora juu ya mabamba ya shaba, na mnamo 1879 na 1880 walipanga kuanzisha jarida la chapa pamoja na Félix Bracquemond, jarida ambalo halikuwahi kutoka. Baada ya maonyesho makubwa ya chapa za Kijapani yaliyofanyika Paris mwaka 1890, Cassatt alitengeneza chapa kumi za rangi, kila moja kwa nakala 25. Idadi hiyo ndogo ilikuwa ya makusudi. Katika miongo hiyo mazoea ya kutia saini, kuhesabu nakala na kuliharibu bamba baada ya uchapaji yalizidi kuenea, ili wingi wa chapa udhibitiwe na thamani yake ilindwe. Kwa maneno mengine, uchache ulitengenezwa.

Bango lilifuata njia tofauti. Litografia, yaani uchapaji kwa jiwe, ilivumbuliwa na Alois Senefelder nchini Ujerumani katika miaka ya 1790. Mchoraji huchora juu ya jiwe la chokaa kwa kalamu yenye mafuta, jiwe hulowanishwa maji, na wino wa mafuta hushika pale tu palipochorwa. Kila rangi huhitaji jiwe lake. Jules Chéret, aliyejifunza kazi hii Paris na London, alifungua kiwanda chake cha uchapaji mjini Paris mwaka 1866 na kuanza kuchapa mabango makubwa ya rangi. Katika maisha yake alichora zaidi ya mabango elfu moja. Mwaka 1868 Édouard Manet naye alichora bango la kutangaza kitabu cha Champfleury kuhusu paka. Kisha ikaja sheria ya tarehe 29 Julai 1881 kuhusu uhuru wa uchapishaji, iliyolegeza masharti ya kubandika matangazo na kuiacha karatasi nyeupe iwe ya matangazo ya serikali pekee. Kuta za Paris zikajaa rangi.

Mwaka 1891 Henri de Toulouse-Lautrec alichora bango lake la kwanza, la ukumbi wa Moulin Rouge. Lilichapwa nakala zipatazo 3,000, kila moja ikiwa kubwa, kwa karatasi kadhaa zilizounganishwa. Bango hilo halikukusudiwa kudumu. Lilikuwa la mvua na gundi, na baada ya majuma machache bango jingine lingebandikwa juu yake. Likadumu kwa sababu kulikuwa na watu waliolitamani. Simulizi za wakati ule hueleza jinsi wapenzi wa mabango walivyowahonga wabandikaji, au walivyotoka usiku na sifongo zenye maji kuyabandua kutani kabla gundi haijakauka.

Tamaa hiyo ilipata wasomi na wafanyabiashara wake. Ernest Maindron aliandika juu ya mabango ya picha katika jarida la sanaa mwaka 1884, na mwaka 1886 akachapisha kitabu kizima juu ya somo hilo. Mfanyabiashara Edmond Sagot alitoa mwaka 1891 orodha ya bei yenye mabango zaidi ya 2,000. Kati ya 1895 na 1900 kiwanda cha Chaix kilitoa Les Maîtres de l'Affiche, mkusanyo wa mabango 256 yaliyochapwa upya kwa umbo dogo na kupelekewa wateja waliojiandikisha, karatasi nne kila mwezi. Hapa pana jambo la kushangaza kidogo: nakala ndogo za mabango, ambazo tangu mwanzo zilikuwa nakala za nakala, leo zenyewe huuzwa kama chapa asilia za enzi ile.

3.0 Mkusanyaji kama Msomaji

Mkusanyaji mzoefu huanza kwa kusoma. Hupima ukubwa wa karatasi, kwa kuwa nakala ya baadaye mara nyingi hutofautiana kidogo na ile ya awali. Hutafuta jina la mchapaji na anwani yake chini ya picha, maana wachapaji walihama na anwani hutoa tarehe. Hutafuta stempu ya kodi, alama kwamba bango lililipiwa ushuru wa kubandikwa mahali pa hadhara. Kisha hutumia kioo cha kukuzia: bango la jiwe huonyesha chembechembe zisizo na mpango, alama ya kalamu juu ya jiwe, ilhali nakala ya mitambo ya karne ya 20 huonyesha nukta zilizopangwa kwa safu. Loÿs Delteil, katika orodha yake kubwa ya chapa iliyotolewa kati ya 1906 na 1930, alieleza kila hatua ya bamba: kabla mstari fulani haujaongezwa na baada ya kuongezwa. Ni kazi inayofanana sana na ya mhakiki wa miswada anayelinganisha matini ili kujua ipi ilitangulia.

Hata hivyo, usomaji huu una upofu wake. Miongoni mwa nakala zinazothaminiwa sana ni zile zilizochapwa kabla maneno hayajatiwa. Kwa mkusanyaji, picha isiyo na maandishi ni safi zaidi, kwa kuwa iko karibu na mkono wa msanii na mbali na mteja aliyelipia tangazo. Baadhi ya nakala zilizobaki za bango la Moulin Rouge zimekosa ukanda wa juu wenye maandishi. Mwanahistoria wa sanaa anaweza kuufidia upungufu huo kwa picha kutoka nakala nyingine. Mhakiki wa fasihi hana budi kuuliza swali gumu zaidi: je, bango lisilo na maneno ni bango bado? Bango ni kauli iliyotolewa barabarani kwa mpita njia. Likinyamazishwa, linabaki kuwa picha nzuri ya watu wanaocheza.

Upofu wa pili ni wa saini. Mabango ya Lautrec, Chéret na Steinlen yalihifadhiwa kwa kuwa yalikuwa na majina. Matangazo mengi ya sabuni, ya minada na ya mikutano ya wafanyakazi hayakupata mtu wa kuyabandua, yakaoza ukutani. Kwa hiyo historia ya bango kama inavyosimuliwa na makusanyo ni historia ya wachoraji wachache mashuhuri, ingawa msomaji wa kuta za Paris mwaka 1895 alisoma mchanganyiko wa mengi mazuri na mabaya. Ukusanyaji uliokoa, na papo hapo ulichuja.

Bango lenyewe halikukawia kuihusu Afrika Mashariki. Mnamo 1908 Reli ya Uganda ilitangazwa Uingereza kwa bango linaloonyesha gari moshi likizungukwa na wanyama pori, na kuzinadi nyanda za juu kuwa makao ya matajiri wakati wa baridi. Bango hilo limerudiwa kuchapwa mara nyingi. Linapokusanywa leo bila kukumbuka lilikuwa likimwambia nani, hugeuka pambo la kuchekesha. Likisomwa pamoja na hadhira yake, ni hati ya ardhi: lilimwalika msomaji wa Ulaya katika nchi ambayo watu wake hawakuhesabiwa kuwa wasomaji. Miaka michache baadaye, Trans Nzoia ikawa miongoni mwa maeneo yaliyogawiwa walowezi hao.

4.0 Leso kama Chapa

Katika miongo ile ile ambamo Chéret na wenzake waliipaka Paris rangi, katika miji ya Zanzibar na Mombasa ilizaliwa chapa nyingine. Mapokeo yanaeleza kwamba wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkononi, ambavyo jina lake la Kireno ndilo lililozaa neno "leso", wakavishona pamoja kupata nguo moja pana. Wafanyabiashara wakaagiza nguo nzima iliyokwisha kuchapwa kwa mtindo huo. Kufikia mwisho wa karne ya 19 viwanda vya Ulaya vilikuwa vikichapa leso kwa ajili ya soko la Afrika Mashariki, na katika hifadhi ya kampuni ya Vlisco mjini Helmond, Uholanzi, zimebaki sampuli za ruwaza za wakati huo. Baadaye uchapaji ulihamia Japani, India na China, na pia katika viwanda vya Afrika Mashariki yenyewe, kikiwemo kile cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968.

Umbo la leso limekuwa thabiti. Kuna pindo linalozunguka pande nne, kuna mji ulio katikati, na ndani ya mji, karibu na pindo la chini, kuna jina, yaani msemo. Huuzwa mbili mbili, kwa jozi au doti. Majina ya awali yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, na baadaye hati za Kilatini zikatawala. Mapokeo ya Mombasa humhusisha Kaderdina Hajee Essak, maarufu kama Abdulla, na uenezaji wa leso zenye misemo. Alama ya duka lake, "Mali ya Abdulla", ni miongoni mwa zinazotambulika zaidi. Karibu na alama kama hiyo mara nyingi huwapo namba ya muundo. Msomaji aliyezoea mabango ataziona hapa dalili zile zile: jina la aliyeagiza, namba, hati iliyotumika na ukingo wa kitambaa. Leso nayo inaweza kupangwa kwa tarehe na kwa mkupuo wa uchapaji, na leso iliyopendwa hurudiwa kuchapwa kama bango lililopendwa.

Tofauti kubwa iko katika msemaji. Bango husema kwa niaba ya aliyelilipia. Leso hutungiwa jina na mfanyabiashara au na mtu aliyemuuzia maneno hayo, ambaye aghalabu hatajwi. Huchapwa na fundi asiyejua Kiswahili katika nchi ya mbali. Lakini husema kwa niaba ya mwanamke anayeinunua, anayeivaa au anayeitoa zawadi. Saida Yahya-Othman, katika makala yake ya mwaka 1997, aliyachunguza majina ya kanga kama sauti ya wanawake katika jamii ya Waswahili. Rose Marie Beck, katika kitabu chake cha mwaka 2001, alionyesha jinsi utata wa msemo unavyomwezesha mvaaji kusema jambo na hapo hapo kulikana. Tuchukue jina "Japo sipati tamaa sikati". Mama akimpa binti anayerudia mtihani, ni faraja. Mwanamke akilivaa mbele ya mume aliyeoa mke wa pili, ni ilani. Akiulizwa, atajibu kwamba alipenda rangi tu. Maneno ni yale yale, na nguo imetoka katika robota moja. Matini mbili hizi hutofautishwa na tukio.

Hapa ndipo ukusanyaji wa leso ulipoingia katika mtego ule ule wa Paris, kwa pande mbili. Makumbusho ya nguo hukusanya leso kwa ajili ya ruwaza na rangi, na katika maelezo yake msemo mara nyingi hutafsiriwa kwa mstari mmoja. Hiyo ni picha isiyo na maneno. Wanafunzi wa fasihi na wa methali, kwa upande wao, hukusanya majina na kuyapanga kwa alfabeti au kwa dhamira, kisha huiacha nguo. Hayo ni maneno yasiyo na picha. Katika orodha kama hizo msemo wa leso hauwezi kutofautishwa na methali iliyomo kamusini, ingawa embe, korosho au jogoo aliyechapwa juu yake huenda ndiye aliyekuwa akiyakebehi maneno. Kila upande una nusu ya matini, na kila upande huiita nusu hiyo leso.

5.0 Kitale: Kipepeo na Kibandiko Chake

Mbinu ya kuuepuka mtego huu haihitaji kutafutwa mbali. Kutoka Chwele, safari ya kupitia Kimilili na kuelekea kaskazini mashariki humfikisha msafiri Kitale, mahali pa makumbusho ya kwanza ya bara nchini Kenya. Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyeanza kukusanya wadudu angali mtoto mwaka 1894, aliyafungua makumbusho yake ya binafsi mwaka 1926. Alikusanya vipepeo, ndege, mimea, vitabu na vifaa vya jamii za eneo hilo. Alipofariki mwaka 1966 aliuachia umma makusanyo hayo pamoja na fedha za kujengea jengo, na Makumbusho ya Kitaifa ya Magharibi mwa Kenya yakafunguliwa Kitale mwezi Desemba 1974.

Stoneham alikuwa mlowezi, na makusanyo yake yana alama zote za wakati wake. Vitu vya watu viliwekwa jirani na wadudu, na mwenye kuvipa majina alikuwa mkusanyaji. Hata hivyo, sayansi ya wadudu ina kanuni moja ambayo fasihi ingefaidika kuiazima. Kipepeo aliyechomwa pini bila kibandiko cha mahali na tarehe huhesabiwa kuwa karibu hana faida kwa utafiti, hata awe mzuri kiasi gani. Kibandiko ni sehemu ya kielelezo. Vipepeo elfu wa aina moja si marudio, kwa kuwa kila mmoja ana siku yake na bonde lake.

Kanuni hii hulijibu swali la nakala asilia kwa namna ambayo soko la Paris halikuweza. Katika soko hilo, nakala huwa asilia kwa kuwa ni ya mkupuo wa kwanza na kwa kuwa ni chache. Katika droo ya wadudu, kila nakala ni asilia mradi imeandikiwa ilikopatikana. Leso moja iliyochapwa kwa maelfu, ikavaliwa Lamu, Tabora na Chwele, ina historia tatu. Ni kibandiko tu kinachoweza kuzitenganisha.

Kenya imewahi kuwa na mkusanyaji aliyeipa chapa heshima yake. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais kwa miezi michache mwaka 1966, alikusanya sanaa za Kiafrika, nguo, vitabu na stempu za posta. Stempu ni chapa ndogo kupita zote, yenye picha na maneno, itolewayo kwa mamilioni. Makusanyo yake, yakiwemo maelfu ya vitabu adimu vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900, yamehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi. Mfano wake unathibitisha kwamba ukusanyaji wa chapa si tabia ya Ulaya iliyoazimwa. Unathibitisha pia kwamba makusanyo hunusurika pale tu yanapopata taasisi ya kuyatunza baada ya mwenyewe kuondoka.

6.0 Chwele: Leso Iliyomo Sandukuni

Chwele haikuizaa leso. Ilifikiwa nayo kwa njia ya biashara. Reli iliyopitia Bungoma ilifika Kampala mwaka 1931, na maduka ya miji ya reli yalisambaza nguo hadi masoko ya vijijini. Katika soko la Chwele, ambako mahindi, vitunguu na mifugo huvuta wachuuzi kutoka pande zote za mlima, leso ni bidhaa ya kawaida. Hutumika kubebea mtoto, kufunikia chakula, kufunga kiunoni shambani na kupelekea zawadi katika arusi. Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, yaani mwaka wa shufwa, Wabukusu wanapotahiri vijana wao, leso huonekana viunoni mwa kina mama wanaowasindikiza kwa nyimbo. Wakati wa uchaguzi hutokea leso za kampeni, zenye nyuso za wagombea na alama za vyama, ambazo ni mabango kwa maana kamili ya neno hili.

Kwa mwanafunzi wa historia ya fasihi, jambo linalovutia ni la usomaji. Lugha ya nyumbani ya wengi hapa ni Kibukusu. Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za Kenya mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza. Kabla ya hapo, leso ilikuwa miongoni mwa maandishi machache ya Kiswahili yaliyoingia nyumbani na kukaa humo kwa miaka. Haikuwa kitabu cha shule wala tangazo la chifu. Ilikuwa mali ya mama. Msemo uliotungwa kwa ajili ya mafumbo ya mitaa ya Mombasa ulisomwa chini ya Mlima Elgon na watu wenye methali zao wenyewe, kwa hadhira ambayo mtunzi hakuifikiria. Usomaji huo ulikuwaje? Je, "Wema hauozi" ilipotolewa na mkwe kwa mkwe, ilipokelewa kama methali ya Kiswahili au kama mwangwi wa usemi wa Kibukusu uliokuwapo tayari? Je, mama asiyejua kusoma aliambiwa na nani maana ya maneno aliyoyavaa, na aliambiwa ukweli? Haya ni maswali ya upokezi wa matini, ya aina ile ile inayoulizwa kuhusu tamthilia au riwaya. Ushahidi wake haumo maktabani. Umo masandukuni.

Na ushahidi huo unapungua. Leso hufa kwa daraja. Huanza kuwa ya kutokea, ikawa ya nyumbani, ikawa ya mtoto, kisha ikawa kitambaa cha kushikia sufuria. Hilo si kosa la mtu, kwa maana ndiyo kazi ya leso, kama ilivyokuwa kazi ya bango kulowa mvua. Lakini kwa jinsi hiyo leso zilizobaki ni zile ambazo mwenyewe alikataa kuzivaa: ya arusi, ya mama aliyefariki, ya mtoto wa kwanza. Masanduku nayo yamechuja, kwa kigezo kinachopingana na kile cha Paris. Paris ilihifadhi saini ya msanii. Chwele imehifadhi jina la aliyetoa zawadi. Likikosekana jina hilo, leso inabaki kitambaa. Na jina hilo halikuchapwa popote. Liko katika kumbukumbu ya mwenye sanduku, ambayo hutoweka haraka kuliko rangi.

Hapa hapana budi swali la maadili liulizwe. Mpenzi wa mabango aliyebandua karatasi ukutani aliiba kitu ambacho kesho yake kingefunikwa. Ukuta haukumlilia. Ukuta wa leso ni mwili wa mtu, na sanduku lake ni nyaraka za ukoo. Makumbusho makubwa ya nje yamekwisha kuitambua thamani ya leso. Makumbusho ya Uingereza jijini London yalizionyesha mwaka 2013 pamoja na nguo nyingine za Afrika, na katika makusanyo yake imo kanga yenye picha ya Barack Obama. Utambuzi huo ni mwema, ila ukishageuka kuwa soko, yatakayofuata yanajulikana. Leso kuukuu zitanunuliwa kwa bei ya mitumba, zitaoshwa, zitapigwa pasi na kuuzwa ng'ambo kama nakala asilia, zikiwa zimenyang'anywa lile lililozifanya ziwe asilia.

Njia nyingine ipo, na gharama yake si kubwa. Leso inaweza kukusanywa bila kuhamishwa. Hupigwa picha nzima, pindo na mji pamoja, si msemo peke yake. Hunakiliwa jina kwa tahajia yake ilivyo, hata yenye makosa, kwa kuwa kosa la mchapaji wa mbali nalo ni ushahidi. Huandikwa namba na alama ya mwenye mali. Kisha huja kibandiko cha Kitale: ilinunuliwa au kutolewa wapi, mwaka gani, na nani kwa nani katika uhusiano gani, na ilieleweka vipi. Mwenye leso huulizwa yapi yaandikwe na yapi yabaki siri yake, maana msemo ulioundwa ili uweze kukanwa haupaswi kugeuzwa ungamo. Leso hurudi sandukuni. Kinachobaki chuoni ni matini kamili zaidi kuliko nguo iliyotundikwa nyuma ya kioo. Kazi hii inalingana vyema na uwezo wa wanafunzi wa idara za fasihi, ambao wengi wao wametoka katika nyumba zenye masanduku hayo.

7.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba ukusanyaji wa chapa na mabango ya Ufaransa ulikuwa tendo la uhakiki kabla haujawa biashara. Waliobandua mabango walikataa mgawanyo wa zama zao kati ya sanaa na takataka ya barabarani, na bila wao karne ya 19 ingejulikana kwa turubai zake pekee. Lakini kwa kuthamini saini kuliko hadhira, na picha kuliko maneno, walirithisha historia iliyopunguka. Leso iko leo katika hatua ambayo bango lilikuwa mwaka 1884, Maindron alipoanza kuandika: inapendwa, inazidi kutafutwa, na bado haijaandikiwa kumbukumbu. Idara za fasihi zinayo nafasi ya kuutangulia mnada. Nafasi hiyo inapimwa kwa umri wa wale wanaokumbuka nani alimpa nani leso ipi, na kwa sababu gani.